Mwalimu wa Binti Yangu

Ripoti ya kwanza ya binti yangu kutoka shule yake mpya ilinifikia kwenye simu, katikati ya kipindi cha nne, nikiwa nimesimama kando ya ubao nasubiri darasa limalize kunakili. Sikuifungua. Nilingoja hadi walimu wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikatoka hadi steshenari iliyo karibu na stendi, nikaomba nichapiwe. Habari za watoto wa watu nimezisoma kwenye karatasi maisha yangu yote. Za mtoto wangu nilitaka kuzishika mkononi.

Karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na alama za masomo, na alama zilikuwa nzuri. Ya pili haikuwa na alama hata moja. Ilieleza tabia yake tu, kwa Kiingereza, nami naiandika hapa kwa lugha yangu. Ilisema ni mdadisi, ana huruma na wenzake, anaanza kuthubutu kukiri asichokijua. Halafu ikasema: amejifunza kusikiliza kabla ya kujibu.

Nilisimama palepale kwenye kibaraza cha steshenari nikasoma lile neno. Amejifunza. Miezi mitatu. Mtoto huyu niliyembeba mgongoni, niliyemkataza kudakia maneno ya wakubwa tangu hajaota magego, niliyemkalisha kwenye benchi la kanisa letu la Kimoraviani kila Jumapili akasikiliza mahubiri mpaka mwisho bila kujipindapinda, eti amejifunza kusikiliza huko. Chini kulikuwa na sahihi ya mwalimu wake mlezi. Nilimkumbuka vizuri tangu siku niliyompeleka mtoto. Nilizikunja zile karatasi nikazitia ndani ya daftari la maandalio ya masomo, na siku hiyo mume wangu alipouliza kama ripoti imekuja, nikamwonyesha ile ya alama peke yake.

Mimi ni mwalimu wa historia na uraia katika sekondari ya kata hapa Tabora. Tunakaa Chemchem, nyumba tuliyoijenga polepole, chumba kimoja kimoja. Mume wangu yuko reli, upande wa mabehewa ya mizigo. Tulijaliwa watoto watatu, Mungu akatuachia mmoja, na huyo mmoja nilimlea kama mtu anayeambiwa kila asubuhi kwamba anaweza kunyang'anywa. Alipomaliza darasa la saba, mchungaji wetu alitupa habari za shule ya kimataifa kule kaskazini iliyokuwa ikitafuta watoto wa mikoani wa kusomeshwa kwa ufadhili. Akaandika insha, akahojiwa kwa video akiwa amekaa ofisini kwa mchungaji, mimi nje nimeshika ukuta. Akachukuliwa. Nilishangilia kama mwendawazimu. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemtaka aende.

Nilimpeleka mwenyewe. Basi lilitoka alfajiri, tukapita Nzega, tukapita Singida, jua lilipokuwa linazama tukawa getini. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na Mzungu. Nilikuwa nimepanga hata sentensi zangu za Kiingereza, kwa sababu walimu wa sekondari za kata huwa tunajua wanavyotutazama. Akatoka mwanamke mweusi kama mimi, mwembamba, labda nimemzidi miaka kumi, amevaa viatu vya kawaida vya ngozi, akainama kidogo.

"Shikamoo mama. Poleni na safari."

"Marahaba," nikasema. "Wewe ndiye matroni?"

"Mimi ni mwalimu wake mlezi. Karibuni sana. Nimewasubiri, maana na mimi ni wa hukohuko kwenu."

"Wa wapi?"

"Ulyankulu."

Alisema bila kujikweza wala kuona aibu. Ulyankulu, kwa watoto wa wakimbizi wa Burundi, ambako utotoni mwangu tulikuwa tukisema watu wake wanalima sana na wanasali sana, na tukaishia hapo. Nilipaswa kufurahi. Badala yake kitu kilinichoma. Angekuwa Mzungu, ningejiambia anajua mambo ya kwao. Huyu alikuwa amekula vumbi lilelile nililokula mimi, pengine la kwake lilikuwa jekundu zaidi, na bado yeye alikuwa ndani ya geti na mimi nilikuwa napitia tu kumwachia mtoto wangu.

Binti aliporudi likizo ya kwanza nilimchunguza kama nguo iliyotoka dukani. Hakuwa ameharibika. Aliamka mapema, akafagia, akaenda kuwasalimu majirani mmoja mmoja, wazee kwa Kinyamwezi. Lakini kila nilipomsifia kitu, kilikuwa na mwenyewe.

"Umepanga vitabu vizuri."

"Mwalimu anasema ukipanga meza yako na akili inatulia."

"Umejibu vizuri ulipoulizwa na mchungaji."

"Mwalimu anasema si lazima uwe na jibu, sema unafikiri nini."

Katika nyumba ile, tangu aanze kuongea, Mwalimu nilikuwa mimi. Baba yake ananiita hivyo. Majirani wananiita hivyo. Sasa neno lilikuwa linatamkwa mezani kwangu na halikuwa langu.

Jioni moja tulikuwa tunakula, mimi nikiwa nimeingia jikoni kuongeza mboga. Nikamsikia binti akimuuliza baba yake, "Baba, kazi yako unaipenda?"

Nikatabasamu peke yangu. Nilijua atajibu kazi ni kazi. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na nilikuwa nimeyahesabu kuwa ni yote aliyo nayo. Lakini kukawa kimya, na mtoto hakuuliza tena wala hakuongezea, akangoja tu. Kisha nikamsikia baba yake anazungumza. Alieleza habari ya mwenzake aliyebanwa katikati ya mabehewa mawili, zamani, kabla huyu mtoto hajazaliwa, na jinsi yeye alivyokuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Akasema kwa mwaka mzima baadaye alikuwa akifika kazini mikono inatetemeka, anaificha mifukoni. Akasema aliwahi kuandika barua ya kuacha kazi, akatembea nayo wiki nzima, akaichana.

Nilisimama mlangoni na bakuli la mboga. Nimeishi na mwanaume huyu miaka yote hiyo. Mikono ile niliiona. Nilidhani ni malaria.

Mtoto alipoondoka kwenda kuoga nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Mimi mkeo. Mambo mengine mtu anasema mwenyewe."

Akanyanyua mabega. "Yeye kaniuliza," akasema, akaendelea kula.

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Nilikuwa na wivu na mtoto wangu, na aibu ya kuwa na wivu na mtoto wangu, na vyote viwili nikavigeuza kuwa chuki kwa mwanamke mmoja wa Ulyankulu aliyekuwa mbali, ambaye hakuwa amenifanyia lolote zaidi ya kumpenda mwanangu vizuri.

Mwaka wa tatu mkuu wa shule yetu aliniita ofisini. Akaniambia kuna ugeni. Shule ya kimataifa, ile ya binti yangu, inaleta wanafunzi kumi na sita kujifunza habari za njia ya zamani ya misafara, na wameomba kushirikiana na shule yetu. Mwanafunzi aliyetoa wazo ni binti yangu mwenyewe. "Kwa hiyo mwalimu, shughuli hii ni yako," akasema, anacheka, anadhani amenipa zawadi.

Nilipewa kuchagua wanafunzi kumi na sita wa kidato cha tatu. Mwalimu mwingine angechagua wachangamfu. Mimi nilichagua waliopiga pasi sare zao. Nilichagua wale wasioniudhi, wanaosimama mtu akiingia, wanaokaa wakiambiwa. Kwa wiki mbili nikawafanyisha mazoezi baada ya vipindi. Niliwaandikia maneno ya kukaribisha. Niliwaambia, "Mkiulizwa, jibuni kwa sentensi kamili. Na msiwaulize wageni maswali. Wageni hawahojiwi." Nikijiuliza leo nilikuwa nataka nini, najibu bila kuzunguka: nilitaka yule mwanamke aone watoto wamenyooka, asione hata upenyo wa kuingiza kitu chake.

Walikuja mwezi wa saba, baridi yetu ile ya asubuhi yenye upepo na vumbi. Binti yangu alishuka kwenye gari akanikimbilia, mrefu kuliko mimi sasa, akanikumbatia mbele ya wote. Nyuma yake wakashuka wenzake, Wahindi wawili, Mganda, Mkorea, wasichana wawili wa Ulaya wenye pua nyekundu, na wengine wa nchi ambazo nilizisahau papo hapo. Mwisho akashuka yeye.

"Shikamoo mwalimu," akasema.

Alisema mwalimu, si mama. Nikamwitikia, nikatafuta kosa ndani ya sauti yake, sikulipata.

Mpango ulikuwa huu. Tungeanzia Kwihara, kwenye ile nyumba kubwa ya zamani ya udongo ambayo watalii huja kuitazama kwa ajili ya Wazungu waliowahi kulala pale, na kutoka hapo tungetembea hadi mjini kwa miguu, wanafunzi wawiliwili, mmoja wetu mmoja wao. Kila wawili wangebeba kwa zamu mzigo wa mahindi, kilo kumi, kichwani au begani. Njiani wasizungumze sana. Wakifika wangesema walifikiri nini walipokuwa wamebeba. Lilikuwa wazo la binti yangu hilo pia. Watu wetu wa Unyamwezi walikuwa wapagazi, mashuhuri kwa hilo, na yeye alitaka wenzake waonje mzigo huo japo kwa saa mbili.

Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahi sana. Watoto wangu waliiweka ile mizigo vichwani kana kwamba wamevaa kofia. Wanatoka kwenye nyumba ambako maji hayaji yenyewe. Wageni hawakufika mbali. Tulipopita mashamba ya mihogo, msichana mmoja wa Ulaya alikuwa ameshatua mara nne, shingo imekuwa nyekundu kama pua, na mwenzake, msichana wangu mmoja mdogo wa umbo anayetoka Usinge na kupanga chumba hapa mjini ili asome, akauchukua mzigo wote bila kusema neno akatangulia. Nikamtazama yule mwalimu wa kaskazini. Nilitaka aone. Aliona, akatikisa kichwa kwa heshima, na heshima yake ikaniudhi.

Tulipumzika palipo na mawe makubwa, kabla ya kuingia mjini. Wakakaa duara. Akawauliza, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiingereza, "Ulipokuwa umebeba, ulimfikiria nani? Semeni kwa lugha yoyote. Chukueni muda."

Hakuna aliyesema. Wageni walitazama chini, wanafikiri. Watoto wangu hawakutazama chini. Walinitazama mimi. Wote kumi na sita, kama alizeti. Walikuwa wanasubiri kujua kama wanaruhusiwa kuwa wamemfikiria mtu.

Na yeye alingoja. Sijui nieleze vipi kungoja kule. Alikuwa amekaa mikono magotini, uso umetulia, kana kwamba kimya kile kilikuwa sehemu ya jibu. Mimi katika miaka yangu ya kufundisha sijawahi kuruhusu kimya cha namna hiyo. Kwetu darasa likinyamaza baada ya swali, maana yake hawajasoma, unamnyanyua wa kwanza unayemwona. Ilipita dakika, nadhani, au zaidi. Yule msichana wa Usinge akafungua mdomo. Nilimwona. Midomo ilishaachana.

"Jibuni!" nikasema. "Mmefundishwa nini?"

Akaufunga. Kiranja wao akaruka kusimama, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya mstarini, "Tunawakaribisha wageni wetu Tabora, mji wenye historia kubwa katika nchi yetu. Asanteni." Kijana wa Kihindi akapiga makofi mara mbili, akaona yuko peke yake, akaacha.

Binti yangu akasema, kwa upole, tena kwa Kiswahili ili wenzake wageni wasielewe, "Mama, waachie kidogo tu."

Sikumbuki kuchagua maneno. Yalikuwa yamekaa tayari, labda tangu ile siku ya steshenari. "Hapa mimi si mama yako, ni mwalimu wao. Na hii si shule yenu."

Wageni hawakujua maneno, lakini sauti haihitaji mkalimani. Binti yangu alishusha macho. Yule mwanamke hakunitazama kwa hukumu wala kwa huruma. Alisimama, akapangusa sketi, akasema, "Tuendelee, jua linapanda." Tukaingia mjini, na mizigo ile nyepesi ikaonekana kuwalemea hata watoto wangu.

Jioni hiyo yule mwalimu alikuja kwangu kula. Binti alikuwa amemwalika wiki moja kabla na mimi nilikuwa nimekubali, hivyo hakukuwa na namna. Nilipika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, na nilipika kwa nia mbaya, nikitumaini amezoea vyakula vya shuleni kwake. Alipofunua bakuli alifumba macho.

"Mwalimu," akasema, "mara ya mwisho kula hii ni mazishi ya mama yangu."

Alikula kama mtu wa nyumbani. Kisha, wakati binti na baba yake wamebaki sebuleni, akanifuata jikoni akaanza kuosha vyombo bila kuomba ruhusa. Nikamwacha. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

"Uliandika kwamba amejifunza kusikiliza," nikasema.

"Niliandika wapi?"

"Kwenye ripoti. Ya kwanza. Miezi mitatu baada ya kufika kwenu."

Alifikiri, mikono ndani ya povu. Niliona anatafuta kweli, na hapati. "Inawezekana," akasema. "Mwalimu, wewe unajua ripoti. Unaandika nyingi siku moja, ikifika ya kumi unaanza kurudia maneno. Nilikosea?"

Miaka mitatu nilikuwa nimelibeba neno ambalo mwenyewe alilidondosha njiani hata hakusikia likianguka.

"Unafanyaje?" nikamuuliza badala yake. Sauti yangu ilitoka mbaya, kama ya mtu anayedai chake. "Hawa watoto. Unawafanyaje wakawa hivi?"

Akageuka. "Nina kumi na sita. Wewe unao wangapi darasani?"

"Themanini na saba."

"Basi usiniulize ninafanyaje," akasema. "Mimi nilisoma Ulyankulu tukiwa wengi hivyohivyo. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyelijua jina langu. Hawakuwa wabaya. Tulikuwa wengi mno." Akasuuza sahani, akaiegemeza ukutani. "Nikikwambia siri, nikipewa darasa lako wiki moja, nitapiga kelele kuliko wewe."

Nilitaka hilo linitulize. Halikunituliza. Angekuwa na majivuno ningekuwa na mahali pa kuuweka wivu wangu. Sasa niliachwa nao mikononi, na yeye anakausha vikombe vyangu.

Asubuhi waliyoondoka, binti alikuja chumbani kwangu nikiwa najifunga kitenge. Akasema, "Mama, nisamehe. Nilikukatiza mbele ya wanafunzi wako. Haikuwa vizuri."

"Nimekusamehe," nikasema.

Hakuondoka. Alisimama pale, mikono imetulia, ananitazama, bila kulazimisha. Nilijua anachongoja, na nilijua nani alimfundisha kungoja. Nikainama nikatafuta viatu vyangu chini ya kitanda, nikavitafuta muda mrefu, na nilipoinuka alikuwa ameshatoka kwenda kumuaga baba yake.

Ijumaa ya wiki hiyo nilikuwa na kipindi cha mwisho, uraia. Nilifunga kitabu. Nikamwambia yule msichana wa Usinge asimame, kisha nikaona jinsi alivyoshtuka, nikamwambia akae.

"Siku ile kwenye mawe," nikasema, "ulitaka kusema kitu. Ulitaka kusema nini?"

"Nimesahau, mwalimu."

Nilijua hajasahau. Nikaamua kungoja. Nilikaa juu ya meza, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikaweka mikono magotini kama nilivyomwona yule mwenzangu. Ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Watoto themanini na saba walianza kutazamana. Kiranja akauliza kama naumwa, akimbie kuita mtu. Nikasema hapana, tunangoja tu. Mmoja akacheka, akanyamaza. Nilihesabu vyuma vya dirisha.

Mwishowe yule msichana akasema, anatazama dawati, "Mwalimu, kwani siku ile ulikasirika nini?"

Siku nyingine swali hilo lingekuwa na adhabu yake. Nilipoanza kujibu sikujua nitasema nini.

"Niliona wivu," nikasema. "Niliona mwalimu mwingine anamlea mtoto wangu vizuri kuliko nilivyomlea mimi. Nikaogopa na ninyi mtaniona hivyo. Kwa hiyo niliwaziba midomo. Nilikosea."

Hawakujua wafanye nini na maneno yale. Huko nyuma kabisa kijana mmoja akasema taratibu, "Pole, mwalimu," na wengine wakaitikia "pole" ovyoovyo, kama wanavyosema mtu akijikwaa. Nilikaribia kucheka na kulia kwa pamoja.

Kisha yule msichana akasimama, bila kuambiwa. "Mimi nilikuwa nawafikiria wanawake," akasema. "Wale wapagazi, wengine walikwenda na wake zao. Kwenye kitabu wameandika wapagazi tu na meno ya tembo. Lakini lazima kuna mtu aliyebeba sufuria, na mtoto mgongoni, na wakifika jioni mwanaume anatua mzigo, yeye ndiyo anaanza kupika. Mzigo wake hautuliki. Nilimfikiria huyo." Akakaa.

Nimefundisha habari za misafara mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, aliyewahi kuniambia hivyo. Na mimi nilikuwa nimemfungia mdomo kwenye mawe, mbele ya watoto wa dunia nzima.

Jumapili baada ya ibada nikampigia binti simu. Nilisimama nyuma ya kanisa ili mume wangu asisikie, kisha nikaona huo nao ni ujinga, nikarudi nikasimama kando yake. Nikamweleza habari ya yule msichana na wanawake wa msafara. Alipiga kelele za furaha hata nikasogeza simu. Halafu nikasema, "Na siku ile nilikuvunjia heshima mbele ya wenzako. Nisamehe."

Akanyamaza. Safari hii nilijua kungoja.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto wa benchi la kanisa, "mimi nilidhani umeniona nimeharibika. Tangu nianze kusoma huku. Kila nikija nyumbani unanitazama kama unatafuta doa. Nilikuwa nafua hata nguo zisizo chafu."

Mume wangu alinitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Hujaharibika," nikamwambia. "Nilikuona umekuwa mzuri na mimi sipo. Hicho ndicho kilichoniuma."

"Lakini ulikuwepo," akasema.

Sikubishana naye. Sikumwamini sana pia. Watoto wazuri hutupatia maneno mazuri. Aliniambia yuko njiani kwenda kwenye mazoezi ya mpira wa wavu, wenzake wanamwita, na nilisikia sauti zao kwa mbali, na katikati yake sauti ya mwanamke akicheka, na kile kitu kikanichoma tena mahali palepale, kidogo. Nikamwambia amsalimie mwalimu wake.

Kipindi cha mwisho cha Ijumaa nimekiacha kiwe cha maswali. Si kila wiki kinafaa. Wakati mwingine wanauliza upuuzi, wakati mwingine kelele zinafika ofisini, na mkuu ameshaniita mara mbili kuniambia darasa langu siku hizi halina nidhamu. Majina nimejifunza sitini na moja. Wiki iliyopita nilimwita kijana mmoja kwa jina la mwenzake, akanisahihisha mwenyewe, akiwa amekaa, bila kuogopa, nami nikaliandika la kwake kwenye daftari.